Maboksi Sita: Mwongozo wa Mvivu wa Karatasi

Vuta kiti, ndugu yangu mwenye duka, tuongee taratibu wateja wasisikie. Wewe si mtu wa karatasi. Januari ulinunua kaunta buku la kwaya tatu. Ukurasa wa kwanza uliupiga mistari kwa rula, tarehe ukaziandika kwa wino mwekundu, jumla ukaipigia mstari mara mbili. Ukurasa wa pili uliuandika kwa kalamu ya kuazima. Kufika katikati ya Februari, lile buku lilikuwa linazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Risiti zako nyingine ziko kwenye mfuko wa suruali ya juzi, nyingine chini ya mzani, nyingine zimechomwa kwenye msumari ukutani. Zile muhimu kuliko zote unasema unazo kichwani.

Sikulaumu, wala sikuombi uwe mtu mwingine. Wanaopenda kupanga karatasi wapo, na wengi wao wameajiriwa na wasiopenda. Nitakufundisha kuudanganya uvivu wako mpaka ukufanyie kazi wenyewe. Anayedanganywa humu ni uvivu peke yake. Mamlaka ya kodi haidanganywi, mfanyakazi wako hadanganywi, daftari halidanganywi. Tukifika hatua ya sita utaona kwa nini: uongo una kazi nyingi mno, na mimi na wewe hatupendi kazi nyingi.

Hatua ya 1: Tafuta maboksi sita

Yawe sita kamili. Yale yanayokuja na karatasi za fotokopi yanafaa kuliko yote: yana mfuniko, yana ukubwa mmoja, na mwenye duka la fotokopi huwa anayatupa. Boksi la viatu ni dogo. Boksi la mafuta ya kupikia linaita mende.

Andika mwaka kwa kalamu nene ubavuni mwa kila boksi, kisha yapange juu ya rafu nyuma ya kaunta, mbali na sakafu, mbali na jua, pasipovuja. Hapo jivune bila haya. Mteja akiiona miaka sita imejipanga nyuma yako, anajua duka hili lina mizizi. Msambazaji anayesitasita kukupa mali kauli atayatazama yale maboksi, atakutazama wewe, moyo wake utalainika. Majivuno hayo ndiyo yatakayokuzuia kuyahamishia uvunguni mwa kitanda, kwa panya.

Kama duka lina mwaka mmoja, weka boksi moja. Mengine yatakuja na umri.

Hatua ya 2: Jifunze hesabu moja, kisha uache kujifunza

Hesabu yenyewe ni miaka mitano. Tanzania inasema hivyo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kenya nayo ina sheria yake ya taratibu za kodi ya mwaka huohuo, na muda ni uleule.

Wengi wanakosea pale pa kuanzia kuhesabu. Mtu ana risiti ya tarehe 3 Februari 2020. Anahesabu vidole vyake vitano, anafika 3 Februari 2025, anaitupa kwa furaha. Ameitupa karibu miezi kumi na moja kabla ya wakati. Miaka mitano haianzi tarehe iliyo kwenye risiti. Inaanza pale mwaka wa mapato unapoisha, na kwa mfanyabiashara wa kawaida Tanzania hiyo ni tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo risiti ya 3 Februari 2020 ilitakiwa kukaa mpaka 31 Desemba 2025. Na risiti ya 28 Desemba 2020 nayo ilimaliza muda wake siku hiyohiyo.

Sasa ona raha yake kwa mvivu. Huna haja ya kusoma tarehe ya karatasi hata moja. Soma mwaka ulio ubavuni mwa boksi, ongeza tano, subiri mwaka huo uishe. Boksi la 2021 linalala mpaka 31 Desemba 2026. Ndiyo maana nikakwambia maboksi sita: matano yanasubiri, moja linakula.

Hatua ya 3: Usipange, tumbukiza

Kosa la kaunta buku lile lilikuwa kutaka upange kila siku. Usipange. Nunua bahasha kumi na mbili kubwa za kaki, kila moja iandike jina la mwezi, zisimamishe ndani ya boksi la mwaka huu. Boksi hilo likae mwisho wa rafu, upande wa droo ya pesa, mahali mkono wako unafika bila wewe kusimama. Karatasi ikikufikia mkononi, itumbukize kwenye bahasha ya mwezi. Ndani ya bahasha ziache zilale zinavyotaka.

Usijiulize ipi iingie na ipi isiingie, maana mwenye kuchagua huchoka. Pesa ikiingia au ikitoka, karatasi yake inatumbukizwa: risiti ya mzigo, ankara ya msambazaji, ripoti ya Z (jumla ya siku) ya EFD, ile mashine ya kutoa risiti za kodi, risiti ya pango, ya umeme, ya leseni, malipo ya kodi, mishahara, taarifa ya benki.

Zipo pesa zinazotoka bila karatasi. Kuli aliyeshusha saruji hana kitabu cha risiti, wala wa bodaboda hana. Kata kipande cha daftari, andika tarehe, kiasi, kazi aliyofanya na namba yake ya simu, atie saini, tumbukiza. Sekunde thelathini. Ukiacha kwa sababu ni shilingi elfu tatu tu, mwisho wa mwaka hizo elfu tatu zitakuwa zimekula faida yako na hutajua ilikokwenda.

Na miamala ya simu? Ujumbe mfupi si kabati. Simu inaibiwa, inatumbukia ndooni, mtoto anafuta ujumbe apate nafasi ya michezo. Mara moja kila mwezi omba taarifa ya miamala kutoka kampuni yako ya simu, ichapishe, iingie kwenye bahasha. Fanya siku ileile unayolipa pango: siku hiyo huisahau, mwenye nyumba hakuruhusu.

Hatua ya 4: Piga picha kabla risiti haijawa nyeupe

Hapa wengi wamelizwa. Risiti ya EFD haina wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inaandika kwa kuichoma kidogo kidogo. Kwa hiyo kila kinachoitesa dawa hiyo kinaifuta risiti: jua la dirishani, mafuta ya mikono, jasho la mfukoni, na hata ile mifuko laini ya plastiki tunayodhani inaihifadhi. Sheria inataka miaka mitano. Risiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari haimalizi hata mwaka.

Sikiliza na hili, maana mtu mwenye kujipenda hulifanya kwa nia njema. Amenunua friji kubwa, anajivunia risiti yake, anaipeleka ikawekewe plastiki ya moto kama cheti cha shule. Joto la ile mashine linaigeuza risiti yote nyeusi tii. Anarudi nyumbani na kipande cha usiku. Usiipashe moto risiti ya EFD hata kama unaipenda namna gani.

Dawa yake ni ya kivivu. Fungua kundi la WhatsApp ambalo mwanachama wake ni wewe peke yako. Kila risiti ya EFD ikikufikia, ilaze juu ya kaunta, piga picha, itume kundini, kisha itumbukize kwenye bahasha ya mwezi. Tarehe inajiweka yenyewe. Mwisho wa mwezi zitume picha hizo kwenye barua pepe yako, maana simu ikipotea kundi nalo linaweza kuondoka nayo. Zile za pesa nyingi zitolee fotokopi, ibane nyuma ya risiti yenyewe.

Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu mwaka 2015, na kumbukumbu za kielektroniki zinatambulika. Hata hivyo usiichane karatasi kwa sababu una picha. Ziache zitembee pamoja kama mtu na shahidi wake.

Hatua ya 5: Mistari mitatu, funguo mkononi

Kila jioni daftari linataka mistari mitatu tu. Wa kwanza: kilichoingia, taslimu na kwa simu. Wa pili: kilichotoka, pamoja na ule unga kilo mbili uliobeba nyumbani, kwa sababu mke au mume wa mwenye duka naye ni mteja. Wa tatu: kilichobaki kwa watu, nani amekopa na nani amelipa. Andika kwa Kiswahili chako. Kiswahili ni lugha rasmi, na sheria ya kodi ya Tanzania inakipokea sawa na Kiingereza.

Najua utasahau. Kwa hiyo zifunge funguo za duka kwa kamba kwenye daftari lenyewe. Huwezi kufunga mlango bila kulishika, na ukishalishika aibu kidogo itakusukuma uandike. Uvivu umekwisha kudanganywa.

Mistari hiyo inalipa, na inalipa kwa shilingi. Tanzania humtoza mfanyabiashara mdogo binafsi, yule asiye kampuni, kodi ya makadirio kulingana na mauzo ya mwaka, na jedwali lake lina safu mbili: ya asiyetunza kumbukumbu na ya anayetunza. Kwa viwango vya mwaka 2022, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 bila kumbukumbu analipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Tuseme umeuza milioni 5: unalipa 30,000.

Panda ngazi moja. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Umeuza milioni 7 na nusu? Kwako ni 105,000. Jirani yako aliyeuza kiasi hichohicho na kutunza kila kitu kichwani ametoa 145,000 zaidi. Angalia jedwali la mwaka wako, maana bunge linaweza kuligusa kwenye bajeti, lakini maana yake haijifichi: mistari mitatu ya jioni ina mshahara.

Juu ya milioni 11 mpaka milioni 100, jedwali hilohilo halina safu mbili tena: ni asilimia 3.5 ya mauzo. Hapo daftari linakulinda kwa njia nyingine. Usipojua mauzo yako, mtu mwingine atayakadiria, na yeye hajui siku ngapi ulikaa hadi saa tatu usiku bila mteja.

Hatua ya 6: Daftari moja tu, kwa sababu sisi ni wavivu

Atakuja rafiki mjanja akunong'oneze: weka madaftari mawili, moja la kwako, moja la kuwaonyesha. Msikilize kwa adabu, mpe soda, usimfuate.

Nakuambia hivi kwa faida ya uvivu wako. Daftari la pili linataka uandike mara mbili kila siku. Linataka ukumbuke ulidanganya kiasi gani Jumanne ili Alhamisi isikusute. Linataka likubaliane na mashine ya EFD, ambayo imekwisha kutuma takwimu zako kwa mamlaka, na benki, na kampuni ya simu, na daftari la msambazaji wako ambaye naye ana maboksi yake. Hiyo ni ajira ya kudumu isiyo na likizo. Ukweli unauandika mara moja, unaufunga, unausahau. Miaka minne baadaye mtu akiuliza, unafungua boksi, unausoma kama ulioandikwa na mtu mwingine. Njia ya mkato iliyo fupi kuliko zote ni hiyo.

Hatua ya 7: Mfuko usiochomwa

Tafuta mfuko mmoja mgumu wenye zipu, ukae mahali pakavu, ikiwezekana nyumbani. Humo weka karatasi ambazo hazifuati ngoma ya miaka mitano, wala haziingii kwenye moto wa hatua ya kumi.

Hati ya kiwanja, usajili wa biashara na cheti cha namba ya mlipakodi: hizo ni za kudumu. Mikataba ya pango na ya biashara: ihesabie miaka sita baada ya kuisha, kwa kuwa Tanzania madai ya mkataba yanaweza kufika mahakamani ndani ya muda huo. Karatasi za mali inayodumu, kama friji, mashine ya kusaga au pikipiki ya kusambazia: miaka yake mitano ianze kuhesabiwa mwisho wa mwaka ulioiuza. Miaka yote unayoitumia, risiti yake ingali hai.

Halafu mikataba ya wafanyakazi. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka maelezo ya ajira yatunzwe miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka. Kijana akidai mlikubaliana mshahara fulani na wewe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unakuangukia wewe. Ukurasa mmoja wenye saini mbili unakuepusha na asubuhi nyingi za kukaa kwenye mabenchi.

Kama kuna mwaka una mgogoro wa kodi, au hasara yake umeihamishia miaka ya mbele, lipige boksi lake mstari mwekundu. Karatasi zake hazichomwi mpaka jambo liishe, hata boksi likifika umri.

Hatua ya 8: Ukianguka, anguka vizuri

Utaanguka. Kutakuwa na msiba, mtoto atalazwa, utasafiri kijijini wakati wa mavuno. Utarudi ukute bahasha tatu tupu na daftari limekatika.

Usiku huo utatamani kukaa na kalamu moja ujaze miezi mitatu kwa kukisia. Usifanye. Kila aliyewahi kukagua daftari analijua daftari la usiku mmoja: wino mmoja, mwandiko uliotulia, mauzo yote yanaishia na sifuri, na hakuna hata siku moja ya mvua. Chora mstari. Andika chini yake: kuanzia tarehe fulani hadi fulani hapakuandikwa, nilikuwa kwenye msiba. Anza upya leo. Pengo lenye maelezo ni la binadamu.

Kisha okota kilichopo. Benki ina taarifa yako. Kampuni ya simu inayo. Msambazaji ana nakala ya ankara zake. Mashine ya EFD ina kumbukumbu ndani yake. Kama maboksi yameungua au yamelowa, toa taarifa polisi, upate karatasi ya upotevu, na uijulishe mamlaka ya kodi kabla haijakuuliza. Anayeeleza kabla ya kuulizwa husikilizwa zaidi.

Hatua ya 9: Mgeni akija

Siku moja ofisa ataingia. Mkaribishe kiti. Omba kitambulisho na barua yake kwa upole, usome yote mawili. Kisha fanya jambo ambalo hujawahi kulifanya maishani: geuka nyuma, nyoosha mkono, shusha boksi la mwaka alioutaja. Hilo peke yake. Usianze kusimulia jinsi biashara ilivyo ngumu, boksi linasimulia. Akichukua karatasi kuondoka nazo, ziorodheshe, atie saini, orodha iingie kwenye bahasha ya mwezi huu. Ukishamsindikiza mlangoni, tazama rafu yako. Siku hiyo utajua kwa nini nilikwambia uyapange mahali yanapoonekana.

Hatua ya 10: Choma

Hii ndiyo zawadi yako. Wiki ya kwanza ya Januari, shusha boksi lililotimiza muda. Hakikisha halina mstari mwekundu. Pitisha mkono ndani mara moja kutafuta kitu kilichopotea njia, mkataba au risiti ya friji, ukirudishe kwenye mfuko.

Usimpe muuza karanga karatasi hizo, hata akikuomba kwa heshima. Humo kuna majina ya wateja, namba zao za simu, madeni waliyokopa mwezi wa ada za shule. Si haki mtu anunue karanga za mia mbili, azile, kisha asome kwamba mama fulani alishindwa kulipa kilo tano za sukari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo wateja walikukopa kwa siri, na siri ni ya kutunzwa mpaka mwisho. Zichane, zichome nyuma ya nyumba, ukoroge majivu.

Kama ni Januari ya 2027, boksi lililobaki tupu ni la 2021. Lifute vumbi. Kata ile 2021 kwa kalamu nene, andika 2027, panga humo bahasha kumi na mbili, lirudishe kwenye rafu. Maboksi ni yaleyale sita, na yatakuwa sita mpaka utakapomwachia mwanao duka.

Jua linazama sasa. Funguo si zimefungwa kwenye daftari? Haya, andika mistari yako mitatu ya leo, tufunge mlango twende nyumbani.